Kabla ya Kujitolea Kuhesabu Ndege wa Majini Mwezi Januari

Wengi ninaowaalika kwenye sensa ya ndege wa majini hunijibu kwamba hawawajui ndege. Jibu hilo halinishawishi. Mtambuzi mmoja mahiri hutosha kikundi kizima, lakini mtu wa kuandika kwa makini, wa kuhesabu upya kundi lililokwisha kuhesabiwa, na wa kukubali kwamba mahali fulani hapakuwa na ndege hata mmoja, huyo ndiye hupatikana kwa shida.

Hapa Uganda kazi hii huratibiwa na NatureUganda, shirika la uhifadhi wa mazingira, na hesabu ya Januari huingia katika sensa ya kimataifa iliyoanza mwaka 1967. Wakati huo ni majira ya baridi Ulaya na Asia. Ndege waliohama huko wamekwisha kutulia kwetu, hivyo si rahisi ndege yuleyule kuhesabiwa leo hapa na kesho kwingine. Kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, wanaofurika ni buabua mabawa-meupe, ndege wa jamii ya karibu na shakwe, na mbele yao ndipo mgeni wa kazi hukata tamaa.

Kundi kubwa halihesabiwi ndege mmoja mmoja. Hesabu kumi kwa uangalifu, tazama wamechukua nafasi kiasi gani ndani ya darubini, kisha pima kundi lote kwa nafasi hiyo, ukianzia upande mmoja hadi mwingine; likizidi sana, tumia mia badala ya kumi. Jihadhari na katikati, ambako ndege hubanana, na ambako vitwitwi wadogo hufichwa na shakwe waliosimama mbele yao. Furukombe akipita na kundi likaruka, subiri litue, uanze upya. Ni vizuri watu wawili wahesabu bila kuambiana, kisha walinganishe. Na buabua usiyemtambua aina yake aandikwe "buabua" tu, kwa maana jina la kubahatisha huharibu fomu kuliko pengo.

Ukipangiwa Mabamba, eneo oevu jingine kando ya Ziwa Victoria, utashawishika kumtafuta korongo nyangumi, yule ndege mkubwa adimu mwenye mdomo mpana, asubuhi nzima huku yangeyange wakipita bila kuandikwa. Anayemtaka huyo pekee, kwa maoni yangu, na aje siku nyingine kama mtalii.

Tarakimu hizi zina uzito wake. Chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971, eneo oevu huweza kutambuliwa kimataifa likiwa na kawaida ya kupokea ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya idadi ya spishi fulani. Lutembe na Mabamba ziliingia katika orodha hiyo mwaka 2006. Mtu anapotaka kujaza udongo kwenye mafunjo ili ajenge, hesabu za miaka mfululizo, pamoja na sifuri zake, hupingika kwa shida kuliko malalamiko yetu.

Vifaa ni vichache: darubini, kofia, nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya visubi wa ziwani, maji ya kunywa, na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hugoma karatasi ikilowa. Usipande mtumbwi bila jaketi la kuokolea maisha, hata kama nahodha anacheka. Jiandikishe mapema, ikiwezekana kabla ya Krismasi, kwani nafasi za mtumbwini ni chache, na uwaambie waratibu waziwazi kama huwezi kuamka alfajiri. Kuna vituo vya nchi kavu vinavyohitaji watu pia.