Ukungu wa kijivu kwenye picha ya kolodioni
Pole ndugu yangu. Unasema kioo chako cha kolodioni (utando unaopakwa juu ya kioo ili kupigia picha) hutoka na ukungu kwa sababu unakiacha dakika nzima kwenye dawa ya kusafishia picha, ile inayoitokeza sura, ili picha ikolee. Hapo ndipo inapoharibika. Dawa hiyo, salfeti ya chuma, humaliza kazi kwa sekunde 15 hivi. Imwage ukingoni kwa mkupuo mmoja, ienee kote bila kufurika nje, maana madini ya fedha yaliyo kwenye kioo yakisombwa picha hupauka. Sura ikianza kuonekana, kimwagie maji hapo hapo, mpaka yaache kutiririka kama yana mafuta. Kisha kitie kwenye haipo (hypo), dawa ya kuifanya picha idumu: ule utando wa maziwa utayeyuka, picha igeuke mbele ya macho yako. Sianidi, sumu ambayo wengine huitumia badala ya haipo, iache kabisa, tafadhali. Ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua.