Sikumeza kitu: jibu langu kwa wanaotafuta vidonge vya kukesha

Tangu nitetee memwari yangu, andiko la kumalizia chuo, na kupata distinksio, pongezi zimekuwa nyingi, na zote nazipokea kwa mikono miwili. Lakini ujumbe mmoja umenikwama kooni. Kijana wa mwaka wa pili, hapahapa Lubumbashi, ameniandikia: "Dada, hongera sana. Sasa tuambie ukweli, ulikuwa unameza nini? Mimi nakunywa chupa tatu za enerji kwa usiku na bado nasinzia. Siku hizi moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa. Rafiki yangu amenipa vidonge, anasema hivi ndivyo vyenyewe."

Mdogo wangu, sikumeza kitu. Mchana nilikuwa kazini farmasi, jioni nilisoma, usiku nililala. Najua jibu hilo halikuridhishi, kwa sababu hata wanafunzi wenzangu halikuwaridhisha. Najua pia kwamba wengi mnaosoma hapa mna hamu ileile niliyokuwa nayo: kumaliza na alama za juu, kuacha kuishi kwa kuomba, kupata kazi kwenye kampuni ya madini au kwenda kuendelea na masomo nje. Mwenye hamu ya namna hiyo ni rahisi sana kumuuzia usiku wa ziada.

Acha niseme kwanza kilichoniuma. Kundi letu la kusoma lilikuwa linakutana saa tatu usiku mpaka alfajiri. Saa nne na nusu nilikuwa naaga. Walianza kwa kunitania, baadaye wakanipa jina: Mama Usingizi. Jina hilo lilinifuata hadi kwenye oditwari, ukumbi wetu wa masomo, na siku moja asistanti wa profesa alilidaka, akasema mbele ya watu wote kwamba diploma haitafutwi kwenye mto. Watu waliangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikarudi nyumbani nikalia. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake kifua kinabana. Na sisemi kwamba sikuvitamani hivyo vidonge. Nilisimama nyuma ya kaunta kila siku, maboksi yako nyuma ya bega langu, na sesheni ya mitihani inakaribia. Aliyenifanya nisinyooshe mkono ni yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa.

Yaya alikuwa dereva wa lori. Alipakia shaba Kolwezi, akapita Likasi na Lubumbashi, akashuka mpaka Kasumbalesa kuvuka Zambia. Mnaoijua njia hiyo mnaijua foleni ya mpakani: lori nyuma ya lori, siku zinapita, dereva analala jicho moja wazi kwa kuogopa wanaonyonya mafuta na wanaoiba mzigo. Halafu foleni ikifunguka anatakiwa akimbize gari kufidia muda wote uliopotea. Wanaouza vidonge wanajua saa hiyo. Wanavitoa mfukoni vimeviringishwa kwenye kipande cha plastiki, havina jina, havina tarehe.

Jumapili moja alifika nyumbani kama saa nane mchana. Mama alikuwa ameandaa bukari (ugali), mboga ya lengalenga na samaki. Yaya huyu ni mtu ambaye tangu utoto tulikuwa tunamfichia sahani, maana akila, wengine mnabaki na sufuria. Siku hiyo alikata tonge, akalikanda, akalikanda tena, akalirudisha kwenye sahani. Taya lilikuwa linasaga lenyewe, meno yanasikika. Midomo ilikuwa imekauka na aliilamba kila mara. Nilimtazama machoni: mboni zilikuwa pana, nyeusi, wakati jua lote la mchana lilikuwa linaingia dirishani na zilipaswa kuwa ndogo. Nikamshika mkono kama ninayemsalimia, nikatafuta mshipa, nikaangalia saa ya ukutani. Mapigo 128 kwa dakika, kwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Hakuwa amelala tangu Ijumaa. Alininong'oneza nikawaangalie watu waliokuwa wanamsema nyuma ya nyumba. Nikatoka. Kulikuwa na kuku na ndoo. Nikarudi, nikamwambia hakuna mtu, akanitazama kama na mimi nimo kwenye njama yao.

Usingizi ulipomkamata hatimaye, alilala mpaka tukaogopa. Aliamka mkali, mwenye huzuni, asiyetaka kuongea na watoto wake. Miezi iliyofuata siisimulii hapa. Yuko hai, ameacha barabara, anauza vipuri Kampemba, hapahapa Lubumbashi, na anakula.

Nilichokiona kwake kilinifanya niirudie famakolojia yangu, somo la jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, kwa moyo mwingine kabisa. Taya, mboni, mdomo mkavu, tonge lililorudi sahanini, watu wasiokuwepo: vyote vilitoka sehemu moja. Dawa za kukesha za jamii ya amfetamini zinazisukuma dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana ujumbe, nje ya ncha za neva kwa wingi ambao mwili haukuupanga. Kokeini na methilfenidati zenyewe zinazuia kemikali hizo zisirudishwe ndani baada ya kazi. Noradrenalini ikijaa, moyo unakimbia, mishipa ya damu inabana, presha inapanda, mboni zinapanuka, njaa inakatika, joto la mwili linapanda. Dopamini ikijaa, unajisikia mwerevu, unajiamini, kila unachofanya kinaonekana cha maana. Ikizidi siku kadhaa bila usingizi, ubongo unaanza kuona hatari pasipo na hatari. Ndiyo sauti za nyuma ya nyumba.

Nguvu yenyewe haikuongezeka popote. Dawa haina chakula ndani yake, haina mapumziko ndani yake. Ni Banki Lambert, mkopo wa mtaani wa riba kubwa: unapewa leo bila maswali, na kesho unarudisha mara mbili, wala mkopeshaji hakuulizi kama umepata. Huzuni ya yaya baada ya kuamka ndiyo riba. Na ukikopa mara nyingi, ubongo unapunguza mwitikio wake kwa dopamini, kwa hiyo kidonge kile cha kwanza hakitoshi tena, unataka viwili, halafu vitatu, na mambo ya kawaida yaliyokuwa yanakufurahisha, muziki, mpira wa Mazembe, mtoto anayecheka, yanakuwa hayana ladha.

Sasa kwenye chupa zako, mdogo wangu, kwa sababu najua utasema enerji ni soda tu. Kuanzia asubuhi ubongo unakusanya adenosini, kemikali inayojishika kwenye vipokezi vyake na kukuletea usingizi. Kafeini inakaa kwenye vipokezi hivyo badala yake. Adenosini haiondoki, inaendelea kujaa, ila wewe huisikii. Kafeini ikianza kuisha, adenosini inakuangukia yote kwa pamoja, na hapo ndipo unasinzia juu ya silabusi huku moyo bado unakwenda mbio. Vinywaji vingi vya aina hiyo vina karibu miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100. Geuza chupa usome. Chupa ya nusu lita ni miligramu 160, chupa tatu ni 480. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kinachohesabiwa kuwa salama ni kama 400 kwa siku nzima, na kwa mama mjamzito 200. Wewe unapita kiwango cha siku kwa usiku mmoja, kabla hata ya kuhesabu kahawa. Hata makasu, zile kola wanazotafuna wazee, yana kafeini.

Nusu ya kafeini uliyokunywa inachukua kama saa tano kutoka mwilini. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu bado imo, na saa kumi alfajiri robo bado imo. Ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango, muda huo unaweza kuwa mara mbili. Na hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya mji wetu, ambapo kila mwenye homa ya tumbo anakimbilia antibiotiki ya siprofloksasini: dawa hiyo inazuia ini lisivunje kafeini. Unakunywa kahawa yako ya kila siku, kumbe mwilini inakaa kama umekunywa nyingi. Dada mmoja alikuja kaunta akitetemeka vidole, anadhani malaria imerudi. Alikuwa kwenye siprofloksasini na enerji kwa wakati mmoja.

Basi kuhusu masomo, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo. Unachosoma mchana kinapita kwanza kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, na ni usiku, hasa kwenye usingizi mzito, ndipo ubongo unakirudia na kukitia kwenye gamba lake la nje kikae. Ukikesha, umeng'oa hatua hiyo. Na kukaa macho saa 17 mfululizo kunapunguza umakini kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Hungeingia kwenye mtihani umekunywa bia ya Simba, lakini unaingia hujalala na unajiita shujaa.

Wanaobisha huniambia kwamba methilfenidati inaongeza akili. Kwa mtu ambaye daktari amemkuta na tatizo la kutotulia na kushindwa kumakinika, na anafuatiliwa, ni dawa nzuri, sina neno nayo. Kwa mwenye afya mambo ni mengine. Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne walichapisha jaribio la watu 40 wasio na ugonjwa huo. Waliwapa methilfenidati, deksamfetamini (ya jamii ya amfetamini) au modafinili (dawa ya kuzuia usingizi), na siku nyingine kidonge kisicho na kitu, kisha wakawapa fumbo la kuchagua vitu vya kujaza kwenye begi ili thamani iwe kubwa bila kuzidisha uzito. Wakiwa na dawa walihangaika zaidi, walitumia muda mrefu zaidi, na ubora wa majibu ukashuka. Nilipousoma utafiti ule niliwakumbuka wa kundi langu, wanageuza kurasa mpaka alfajiri kwa juhudi kubwa kabisa. Wawili kati yao wamerudia mwaka. Sifurahii, lakini nilitamani mtu awaambie mapema.

Hata majeshi yalijaribu. Ujerumani ilikuwa na Pervitin, methamfetamini iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 dukani waziwazi, na askari walioivamia Ufaransa mwaka 1940 walipewa kwa mamilioni ya vidonge. Mwaka 1941 serikali ileile ikaiwekea masharti makali, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuzoea na kuanguka. Na Julai 1967, kwenye Tour de France, mwendesha baiskeli Mwingereza Tom Simpson alianguka akipanda mlima Ventoux kwenye joto kali, akafa. Amfetamini ilikutwa mwilini mwake. Mwili ulikuwa unapiga kelele kwamba umechoka na umekauka, dawa ikamzuia asisikie. Ninyi mawewa mnaobeba watu kwa pikipiki juani mwezi wa kumi, ninyi wachimbaji mnaoshuka shimoni, mlima wenu ni huohuo.

Kuna na tramadoli, ambayo watu wa pikipiki wanaomba kaunta kila siku "ya nguvu". Tramadoli ni dawa ya maumivu, ndugu ya mofini. Inakuondolea maumivu ya mgongo, unadhani umepata nguvu. Ikizidi, inaleta degedege, na ukiwa unaendesha pikipiki degedege haichagui mahali. Na wanaochanganya enerji na bia au lutuku (pombe kali ya mtaani): pombe imebaki ileile kwenye damu, wewe tu hujisikii mlevi, kwa hiyo unaongeza.

Ushauri wangu ni mfupi na najua utauona wa kizee. Lala kwa muda wa saa saba kila usiku, kwa uchache. Kahawa iwe kabla ya saa nane mchana. Soma kidogo kila siku tangu mwanzo wa mwaka, kwa sababu anayesubiri sesheni ndiye anayehitaji kidonge. Kula. Kunywa maji. Halafu lala. Umeme ukikatika saa mbili usiku usiwashe tochi ya simu mpaka alfajiri. Lala, amka saa kumi na moja usome kichwa kikiwa safi. Mimi nilifanya hivyo tu, na waliokuwa wananicheka ndio leo wanaomba maelezo yangu.

Walimu, acheni kuwasifia wanafunzi wenye macho mekundu. Wazazi, mtoto asiyekula, asiyelala, anayeongea haraka na kukasirika kwa jambo dogo, msikimbilie kusema amerogwa. Wenzangu wa farmasi, tunajua tunachokiuza. Kidonge kinachohitaji karatasi ya daktari tusikitoe kwa sababu mteja ameongeza faranga. Yule kijana anayetoka mlangoni mwako ana mama.

Na wewe uliyeniandikia: vidonge ulivyopewa usivijaribu. Enerji usiikate yote siku moja, utaumwa kichwa vibaya kuanzia siku ya kwanza au ya pili na utadhani mwili unaihitaji. Punguza chupa moja, kaa siku chache, punguza nyingine. Moyo kukimbia ukiwa umekaa, nenda kituo cha afya wiki hii wakupime presha na mapigo. Ukisikia maumivu ya kifua, ukizimia, ukipata degedege, mwili ukiwaka moto au ukianza kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, na usimeze dawa ya usingizi ili kujituliza. Mwambie muuguzi ukweli wote: ulikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Kazi yake si kuita polisi, anataka kujua akupe nini na asikupe nini. Na kile kiplastiki chenye vidonge nenda nacho.