Usivuke bahari mapema: kwa anayeanza kumfuatilia mlowezi wa Kiingereza

Wageni wengi wa kazi hii ya kutafuta nasaba wana haraka ya kufika Uingereza. Babu wa kale alihamia New England, yaani makoloni ya Kiingereza kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, kati ya 1620 na 1640. Wanaandika jina lake mtandaoni, wanampata mtoto wa jina hilohilo aliyebatizwa katika kijiji fulani, umri unakaribiana, wanamchukua. Tangu hapo wanaandika ukoo wa watu wengine.

Kaa Marekani kwanza. Maliza karatasi za huko: wasia, orodha za mali ya marehemu, hati za ardhi, kesi za mahakama, vitabu vya mji vya vizazi na vifo. Andika kila shahidi aliyetia saini na kila jirani aliyepakana naye shamba. Walowezi wengi walihama kwa makundi, ndugu na majirani, wengine wakimfuata mchungaji wao. Ukiwakuta majirani watatu wa Massachusetts ndani ya kitabu kimoja cha parokia (cha ubatizo, ndoa na mazishi) huko Suffolk, Uingereza, hapo umeshika kitu. Jina peke yake halikupi chochote, hasa akiwa John au William.

Mfano ninaowapa wanaoanza ni wa John Howland, aliyekuja na meli ya Mayflower mwaka 1620 akiwa mtumishi wa John Carver, gavana wa kwanza wa koloni la Plymouth huko New England. Vizazi na vizazi vya wazao wake waliamini kwamba mkewe Elizabeth alikuwa binti wa Carver. Wakati huo muswada wa historia ya koloni hilo, ulioandikwa na William Bradford, gavana aliyemrithi Carver, ulikuwa umetoweka Boston tangu enzi za vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 1855 ukatambuliwa katika maktaba ya Askofu wa London, huko Fulham. Bradford alikuwa ameorodhesha abiria na nani alimwoa nani: Elizabeth alikuwa binti wa John Tilley, abiria mwenzao, aliyefariki pamoja na mkewe punde baada ya kufika. Baadaye ubatizo wake wa 1607 ukapatikana Henlow, Bedfordshire. Tazama mfuatano huo: mtu aliyewajua alitaja baba, kisha parokia ikathibitisha.

Nasaba inayomfikisha mlowezi kwa wafalme bila kutaja hati, ishuku. Gustave Anjou aliwatungia Wamarekani matajiri nasaba za uongo kwa malipo, na kazi zake bado zinanakiliwa.

Ukishavuka, vitabu vya parokia viliamriwa mwaka 1538, ila vingi vya mwanzo havipo. Usikate tamaa: kuanzia 1598 parokia zilitakiwa kumpelekea askofu nakala kila mwaka, kwa hiyo ulizia hifadhi ya dayosisi. Mwandiko wa zama hizo ni mgumu. Jizoeze kwa kusoma hati ambayo tayari ina nakala iliyochapwa, ukilinganisha neno kwa neno.

Na tarehe! Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Ukiona Februari 1640/41, yaani 1640 kwa hesabu yao na 1641 kwa yetu, nakili hivyohivyo. Asiyejua hili huona mtoto amezaliwa Aprili 1640 na kufa Februari 1640, akadhani karani amekosea.

Walowezi wengi wa kipindi hicho hadi leo kijiji chao hakijulikani. Wako akiwa mmoja wao, acha nafasi ya wazazi wake wazi, na uorodheshe parokia ulizokwisha kuzipekua ili atakayefuata asizirudie.