Nilipong'oa orodha ya Oscar ukutani

Kwa miaka sita nilishika rimoti na kipaza sauti katika kibanda cha video pale Mwanga, Kigoma. Kiingilio shilingi 200, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma, na turubai jeusi dirishani ili jua la saa nane lisiue picha. Muvi ya Kiingereza naitafsiri mwenyewe. Sikuwa Lufufu, yule mkali wa kutafsiri muvi, lakini watu walikuwa wanaelewa. Kazi ngumu ilikuwa moja tu: kuamua leo tunaweka nini. Siku ya mpira hakuna shida. Shida ni Jumanne.

Mwanzoni nilijiona mjanja. Nilipata gazeti la zamani lenye orodha ya filamu zilizochukua Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, nikalikata nikalibandika ukutani, na kila nikiagiza DVD Dar ziletwe kwa treni, nafuata orodha ile kama mgonjwa na cheti cha dawa. Jumanne moja nikaweka iliyobeba tuzo ya filamu bora. Kufika dakika ya arobaini walibaki watu wanne, mmoja amelala. Wavuvi wa Kibirizi, ambao mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi kuvua dagaa na ndio hasa wateja wangu wa siku hizo, walidai hela yao. Nikarudisha.

Wiki iliyofuata, kwa hasira, niliweka kitu ambacho hakimo kwenye orodha: The Shawshank Redemption. Jela mwanzo mpaka mwisho, maneno mengi, risasi za kuhesabu. Nilijua nitapigwa mawe. Hakutoka mtu. Siku tatu mfululizo nasimamishwa njiani: "Ile ya jela unarudia lini?" Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba iliteuliwa kuwania tuzo 7 kwenye Oscar za 1995 ikatoka kapa, maana mwaka ule ulikuwa wa Forrest Gump. Hata kwenye majumba ya sinema ya Marekani ilikuwa imedoda. Iliokolewa na kanda za kukodi na televisheni, yaani na watu wa aina ya wateja wangu.

Kwa hiyo kama umekaa na bando lako la usiku hujui uangalie nini, ushauri wangu ni huu: majina ya washindi yapite, soma majina ya waliokaa pembeni yao wakapiga makofi.

Chukua sherehe ya 1986. The Color Purple iliingia na uteuzi 11, ikarudi nyumbani bila hata tuzo moja. Iliyoondoka na tuzo 7, ya filamu bora ikiwemo, ni Out of Africa, iliyopigwa hapo jirani Kenya. Zote mbili nimeziangalia, tena si mara moja. Hiyo ya Kenya ina vilima vizuri na muziki mtamu, sikatai, ila Waafrika wamo humo kama sehemu ya mandhari. Wanabeba, wanasubiri kutumwa. The Color Purple ina mwanamke mweusi anayemwandikia Mungu barua kwa kuwa hana mwingine wa kumwambia yaliyomkuta. Siku niliyoiweka, mama mmoja muuza mawese alichungulia kumtafuta mwanawe. Akatua dumu chini, akasimama mlangoni. Mtoto alishatoka zamani, mama bado yupo. Mwisho alifuta macho kwa upande wa kanga, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mama ni wa wapi?"

Nyingine hata kuteuliwa hazikuteuliwa. Heat ya 1995, Robert De Niro na Al Pacino ndani ya filamu moja, haikupata uteuzi wowote. Kwangu ilijaza kibanda hadi watu wakakalia ndoo.

Usifikirie wapiga kura wa Oscar ni wachawi. Hadi juzi, katika vipengele vingi hakuna aliyewabana waangalie filamu zote kabla ya kupiga kura. Ni mwaka 2025 ndipo ilipotangazwa kanuni kwamba asiyeziona zote zilizoteuliwa katika kipengele fulani hapigii kura kipengele hicho. Mwalimu anasahihisha mtihani bila kufungua madaftari yote, na sisi tunabandika matokeo ukutani! Halafu kwenye kipengele cha filamu za kimataifa kwa miaka mingi kila nchi ilikuwa inapeleka moja tu kwa mwaka. Tanzania tulipeleka Maangamizi mwaka 2001, kisha kimya kirefu mpaka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi tunaijua tangu kidato cha tano na sita. Hakuna hata moja iliyoteuliwa. Zitafute. Vuta N'kuvute uiangalie gizani, simu mbali, maana mpiga picha wake amefanya kazi.

Simaanishi kila mshindi ni bomu. Parasite ya Wakorea ilipobeba mwaka 2020 nilinyoosha mikono.

Ila kinachoniuma zaidi kiko hapa hapa Ziwa Tanganyika. Mwigizaji Humphrey Bogart alipata Oscar yake pekee kwa The African Queen, na ile meli ya Wajerumani katika hadithi hiyo wazo lake linatajwa kutoka kwa Götzen, hii hii tunayoiita Liemba. Filamu yenyewe ilipigwa Uganda, Kongo na studio za Uingereza, si kwetu. Lakini ikaja Jane ya 2017, juu ya mtafiti Jane Goodall na sokwe wa Gombe, picha za kweli alizopiga Hugo van Lawick miaka ya sitini, zaidi ya saa 100 zilizokuwa zimesahaulika hadi zikaibuliwa mwaka 2014. Brett Morgen akazishona, Philip Glass akaweka muziki. Ikaingia kwenye zile 15 za mchujo wa filamu za matukio halisi, na hapo ikaachwa.

Kibanda nilishafunga, simu za watu zimekiua. Jane niliiona kwenye laptopu yangu pale Kibirizi, nikisubiri boti, na mzee mmoja akasogea akaketi ubavuni. Nikamwamkia, nikampa upande mmoja wa spika za masikioni, akakataa, hakutaka sauti. Sokwe hawakumshughulisha sana. Kila ufukwe ulipotokea alinigusa bega.

"Kijana, rudisha kidogo. Hapo, pa maji."

Nikarudisha. Mara ya tatu boti ikapiga honi, na wala hakuinuka.