Re: Muthiga wangu umebanduliwa magome, utapona?

Salamu ndugu. Umesema wachuma dawa waliingia shambani usiku wakabandua magome ya muthiga, mti wa dawa (osokonoi wa Wamaasai), na sasa majani yanapukutika. Pia umeuliza umpe nini mama yako anayekohoa.

Kwanza kagua kama gome limetolewa kuzunguka shina lote. Likibaki japo ukanda mmoja kutoka juu hadi chini, usiukate. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome, kwa hiyo ukanda huo unaweza kuuokoa mti. Wangu ulibanduliwa upande mmoja na bado upo, kovu limejikunja kingoni kama mdomo.

Ikiwa umezungushwa wote, sitakudanganya, huo unakufa polepole. Kwaruza shina kwa ukucha chini ya kidonda: pakiwa kijani kibichi, kata hapo mapema, huenda kisiki kikachipua. Usisahau kukizungushia miiba, mbuzi hawana adabu.

Ukitaka kupanda mwingine, mbegu zake hazikai muda mrefu. Chukua tunda lililoiva, osha, panda mara moja. Tumbili wakikuwahi, uliza KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu Kenya) pale Muguga kama wana miche.

Kuhusu mama na kikohozi chake, mchumie majani badala ya gome. Yatafune uone, yanawasha ulimi kwa ukali uleule wa gome, na mti haudhuriki ukichuma machache. Wauzaji hung'ang'ania gome kwa sababu likikauka linasafirishika kwa magunia. Ila kikohozi kikipita wiki mbili, mpeleke akapimwe kifua kikuu.