Misonobari Iliyokauka: Moshi au Kuvu?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mjomba wangu aliyefanya kazi ya misitu Bara husema misonobari ya zamani iliangamizwa na kuvu, nami nimesoma kwamba misitu ya Ulaya iliuawa na moshi wa viwanda. Nani kati yetu aliye sahihi? – Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Mjomba wako amesema kweli. Katika miaka ya 1950 na 1960, misonobari aina ya Pinus radiata iliyopandwa nyanda za juu za Kenya na Tanganyika ilishambuliwa na kuvu iitwayo Dothistroma septosporum, hata mabwana misitu wakaacha kuipanda, wakageukia Pinus patula. Huko hakukuwa na moshi wa viwanda; kulikuwa na ukungu wa milimani na mvua, ambayo matone yake ndiyo yanayorusha vijimbegu vya kuvu hiyo kutoka jani hadi jani.

Nawe hukukosea. Mpakani mwa Ujerumani na Cheki, mitambo ya umeme iliyochoma makaa ya mawe yenye salfa nyingi iliua misitu mikubwa ya misprusi, jamaa ya msonobari.

Lililo gumu ni kwamba moshi na kuvu havifuatani kila mara. Wakulima wa korosho wa Mtwara hupuliza salfa ili kuua ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa kuvu, na vivyo hivyo hewa yenye gesi ya salfa huzuia baadhi ya kuvu za majani. Kwa hiyo majani yasiyo na ugonjwa si ushahidi wa hewa safi. Kinyume chake, katika milima iliyo karibu na Los Angeles, misonobari iliyodhoofishwa na ozoni itokanayo na moshi wa magari na viwanda ilionekana kushambuliwa kwa urahisi zaidi na kuvu iozeshayo mizizi.

Ukitaka kutofautisha, shika jani lenyewe, lile jembamba kama sindano. Moshi hulibabua kuanzia nchani, na mimea ya aina nyingine iliyo jirani huungua pamoja nalo. Dothistroma huanzia matawi ya chini, ikilizungushia jani mistari myekundu, na ndani ya mstari hutokeza vidoa vyeusi vinavyopasua ngozi ya jani. Usiitafute kwenye mivinje ya ufukweni, kwani mvinje si msonobari, ijapokuwa inafanana. Muulize mjomba kama anaikumbuka mistari hiyo.