Ukurasa Waliosema Hauhusu Nyaraka

Wiki hii msomaji wa Bukoba ameniandikia: "Kaka, nimetengeneza programu huria ya mahesabu ya vikoba. Kwenye nyaraka niweke nini, niache nini?" Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, na nyaraka ni maelezo ya kuifunga na kuitumia. Nimefurahi kuulizwa, maana jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu.

Nilikuwa nachangia programu huria ya kutunza stoo, imeandikwa kwa lugha ya Python, na hapa Mwanza tuliifunga kwenye kompyuta za wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Pale intaneti ni bando la simu, na bando likiisha katikati ya kuinstall, kazi imelala. Nikaandika ukurasa wa kuinstall bila mtandao, kwa kutumia pip, chombo cha Python cha kupakua na kufunga vifurushi ambavyo programu inavihitaji; orodha yake iko kwenye faili la requirements.txt. Ukiwa kwenye intaneti nzuri unaendesha `pip download -r requirements.txt -d vifurushi`, folda unaihamishia kwenye flashi, kisha kwa mteja unaendesha `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. Hapo pip haigusi mtandao, inachukua kila kitu kwenye folda. Nikaweka na tahadhari: toleo la Python na mfumo endeshi vilingane kwenye kompyuta zote mbili, la sivyo baadhi ya vifurushi vitakataa.

Wasimamizi wa mradi wakaukataa kwa mstari mmoja: ni mazingira ya pekee, hayahusu nyaraka. Wakati huohuo ukurasa wao wa kwanza ulikuwa historia ya mradi, nani alianza na nani akafuata. Iliniuma, na bado inaniuma.

Leseni yao ni ya MIT, inayoruhusu yeyote kunakili na kubadilisha, kwa hiyo nikatengeneza nakala yangu na ukurasa nikauweka mbele kabisa. Mwezi uliopita kijana wa Musoma nisiyemjua akaifunga programu mpaka mwisho bila kunipigia simu. Aliniandikia kushukuru, na kunikumbusha niongeze kwamba kwenye Windows mazingira ya Python (venv, folda inayotenga vifurushi vya programu moja) yanawashwa kwa `venv\Scripts\activate`. Niliongeza siku ileile. Najivunia ukurasa ule kuliko msimbo wowote nilioandika.

Basi mdogo wangu, kabla hujaandika chochote jiulize msomaji anataka kufanya nini saa hiyo. Daniele Procida, kwenye Diátaxis, mfumo wake wa kupanga nyaraka za programu, anagawa nyaraka mafungu manne: mafunzo ya anayeanza, miongozo ya kazi mahususi, marejeo, na maelezo ya kwa nini. Usiyachanganye. Mtu aliyekwama kwenye kuinstall usimpitishe kwenye falsafa yako ya hifadhidata. Historia ya matoleo ikae kwenye faili la CHANGELOG, taratibu za wachangiaji kwenye faili la CONTRIBUTING. Swali unalolijibu WhatsApp kila mara, hilo ni la kwenye nyaraka, hata mkubwa wa mradi akisema ni dogo.

Na vijana wenzangu tuache kuandika nyaraka za kuonyesha tunajua. Anayesoma amebeba kazi ya mtu, ana mteja amesimama mlangoni. Mheshimu. Andika amri kamili, andika na jibu ambalo skrini italitoa, ili ajue amefika.

Kwa programu yako ya vikoba ningeanza na ukurasa wa kurejesha mahesabu kompyuta ikiibiwa. Uandike, kisha mpe mweka hazina wa kikundi aufuate peke yake kwenye kompyuta nyingine, wewe ukae pembeni bila kumsaidia. Atakapokwama, hapo ndipo pa kuongeza maneno.